Tahara ya Nyumba na Kukiweka Kila Kitu Mahali Pake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeijaalia tahara kuwa mlango wa sala. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo: nyumba ya Mwislamu ni mahali pa kulala na kula, na tena ni mahali pa ibada. Ndani yake husaliwa sunna, na wanawake na wagonjwa husali humo faradhi zao. Kwa hivyo usafi wa nyumba si kazi ya ufagio peke yake. Una hukumu zake, na kila aliyebaleghe yampasa azijue zile zinazomhusu. Wanaume wengi wameliacha jambo hili wakidhani ni elimu ya wanawake, hali mume ndiye mchunga wa nyumba yake, na Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba kila mchunga ataulizwa kwa alichokichunga.

Na ijulikane kwamba madhara mengi ya nyumbani hutokana na mambo mawili. La kwanza, ni haraka ya kusafisha kabla ya kujua ni kitu gani kilichomwagika. La pili, ni kukosa mahali pa kukiweka kila kitu, hatta vitu vikagongana, vikamwagika na kuharibika. Somo hili limepangwa kwa fasili nne ili kuyaeleza mambo hayo mawili na dawa yake.

FASILI YA KWANZA: KUPAMBANUA UCHAFU NA NAJISI

Si kila kichafu ni najisi, wala si kila kilicho safi kwa macho ni tahiri. Tope, mchuzi, hina, masizi na jasho ni uchafu tu. Anayesali na doa la manjano kwenye kanzu sala yake ni sahihi, ijapokuwa adabu ni kuvaa kilicho safi. Ama mkojo, damu, kinyesi, na mavi ya kuku wanaozurura uani ni najisi katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, hatta zikikauka na athari yake isionekane.

Asiyepambanua hupata hasara kwa pande mbili. Hutaabika kwa doa la hina hatta akalichuna busati, na papo hapo husali juu ya mkojo wa mtoto uliokauka, kwa kuwa hauonekani wala haunuki. Basi jambo la kwanza litokeapo ajali nyumbani ni kusimama na kuuliza: hiki ni nini, kimetoka wapi, na kimefika wapi?

Na mwenye shaka arejee kwenye asili. Asili ya vitu ni tahara, na yakini haiondolewi na shaka. Aliyekuta sakafu ina maji asiyoyajua si wajibu kuyaosha. Wasiwasi huwamwagisha watu ndoo kwa ndoo, nao ni israfu. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo kisichotimia lita 1.

FASILI YA PILI: NAMNA YA KUONDOA NAJISI

Asili ya mlango huu ni kisa mashuhuri cha bedui aliyeingia Msikiti wa Mtume akakojoa humo. Watu walimwinukia, na Mtume (S.A.W.) akawazuia, akaamuru aachwe amalize, khalafu ikaletwa ndoo ya maji ikamwagwa mahali pale. Katika kisa hiki mna mafunzo mawili kwa mwenye nyumba. Moja, haraka na makelele huzidisha najisi: lau yule mtu angalifukuzwa, angalikwenda akitapanya mkojo wake msikiti mzima. La pili, maji ndiyo yaliyokwenda juu ya najisi, wala si najisi iliyotiwa ndani ya maji.

Wanavyuoni wa Kishafi'i wamezigawa najisi kwa mafungu mawili. Ile isiyobakiwa na rangi wala harufu wala ladha hutosha kupitishiwa maji mara moja. Ile iliyo na dhati yake ni sharti dhati hiyo iondoke kwanza, pamoja na ladha, rangi na harufu. Ikibaki rangi peke yake, au harufu peke yake, na kuiondoa ni taabu, imesamehewa, kama rangi ya damu iliyokwisha kufuliwa sana. Zikibaki zote mbili mahali pamoja, hazikusamehewa.

Suali: Mtoto amekojoa juu ya zulia lisiloweza kuinuliwa. Lifanywe nini?

Jawabu: Kosa litendekalo sana ni kuchukua kitambaa kimoja kilicho maji na kupangusa huku na huku. Hivyo najisi ya mahali pamoja huenezwa mahali pengi. Yapasa kwanza kukandamiza kitambaa kikavu juu ya mkojo mpaka unyevu wake uondoke, khalafu kumwaga maji safi yapaenee na kupashinda mahali pale, khalafu kunyonya maji hayo kwa kitambaa kingine. Kukamua si sharti kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Kisha zulia lipate upepo, kwani unyevu uliofungiwa huzaa ukungu. Ama jua peke yake halitahirishi katika madhehebu ya Shafi'i, na anayesubiri mkeka ukauke kisha akausalia amesali juu ya najisi.

Suali: Je, mtoto mchanga ana hukumu yake?

Jawabu: Naam. Mtoto wa kiume asiyetimiza miaka 2, wala hajalishwa chakula isipokuwa maziwa, mkojo wake hutosha kunyunyiziwa maji yakapaenea mahali pale, ijapokuwa hayakutiririka. Mtoto wa kike mkojo wake huoshwa.

Suali: Nguo ya mtoto yenye mkojo imetiwa katika beseni pamoja na kanzu na leso za watu. Hukumu yake ni nini?

Jawabu: Hili ni jambo lililoenea sana, na watu hawalitambui. Maji yasiyofika kula mbili, nazo ni takriban lita 200, yakiingiliwa na najisi hunajisika kwa kauli iliyo mashuhuri ya madhehebu, hatta yasipogeuka. Basi beseni lote limenajisika na kanzu zote pamoja, na mwenye kanzu aenda nayo msikitini siku ya Ijumaa naye hana habari. Dawa yake ni nyepesi: nguo yenye najisi iwekwe mbali, dhati yake iondolewe, imwagiwe maji kwa kata au iwekwe chini ya mfereji mpaka maji yatoke safi, ndipo itiwe pamoja na nyenzake. Na mwenye mashine ya kufulia afanye vivyo hivyo kabla ya kuitia nguo ndani.

Sabuni na dawa za dukani zasaidia kuondoa dhati ya najisi, lakini tahara haipatikani ila kwa maji. Sakafu iliyopanguswa kwa dawa inukiayo vizuri, na isipitishiwe maji, imenukia tu.

Suali: Damu imeingia katika kanzu nyeupe. Itolewe vipi?

Jawabu: Kwa maji baridi, na upesi, kabla haijakauka. Maji ya moto huipika damu ikashikana na uzi. Ikiwa imekauka, ikwaruzwe kwanza, isuguliwe kwa maji, khalafu ifuliwe, ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyowafundisha wanawake. Na ikiwa mahali pa najisi katika nguo hapajulikani, yapasa kuifua nguo yote.

Suali: Panya amefia ndani ya chombo cha samli.

Jawabu: Samli ikiwa imeganda, hutolewa panya na samli iliyomzunguka, na iliyobaki huliwa, hukumu hii imepokewa kwa Mtume (S.A.W.). Ikiwa ni ya maji, imenajisika yote wala haina njia ya kutahirishwa. Basi tofauti baina ya kupoteza kijiko kimoja na kupoteza mtungi mzima ni kifuniko, nacho chataka mahali pa kuwekwa. Mtume (S.A.W.) aliamuru vyombo vifunikwe na taa zizimwe usiku, akataja kwamba panya huenda akawaunguzia watu nyumba yao.

FASILI YA TATU: AJALI ZA USAFISHAJI

Madoa yasiyo najisi yana njia zake, na asiyezijua huharibu nguo kuliko lile doa. Doa la kutu katika kanzu nyeupe hutiwa ndimu na chumvi, likaanikwa juani, khalafu likasuuzwa sana. Doa la mafuta ya nazi lisitiwe maji kwanza. Hunyunyiziwa unga mkavu unyonye mafuta, ukung'utwe, ndipo ipakwe sabuni. Doa la kahawa humwagiwa maji baridi pale pale. Mkeka wa ukili usirowekwe. Hupanguswa kwa kitambaa kilichokamuliwa na kuanikwa penye upepo.

Ama ukuta wenye unyevu, huu ni msiba wa nyumba nyingi za mawe za pwani. Ukuta uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji ya ardhi na kuyatoa hewani. Mwenye nyumba akiona lipu inamomonyoka, huita fundi akaupaka saruji, akidhani ameuponya. Saruji huyafunga maji ndani ya ukuta. Yakapanda juu, yakatoka mahali pengine, na vichwa vya boriti vilivyomo ukutani vikaoza. Dawa ni kutafuta kwanza maji yanatoka wapi, kama ni mfereji wa paa uliovunjika au bomba la choo lililopasuka, na kupaziba. Khalafu kuirudisha lipu ya chokaa na kupaka chokaa juu yake.

Na hatari iliyo kubwa kuliko zote ni kuchanganya dawa. Watu hudhani kwamba dawa mbili zina nguvu mara mbili. Dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, ikichanganywa na tindikali ya kusafishia choo, au na siki, au na ndimu, hutoa hewa ya sumu ichomayo macho na mapafu. Ikichanganywa na dawa yenye amonia hutoa sumu nyingine. Choo cha nyumba ya mji ni chembamba na dirisha lake ni dogo, na anayekisafisha mara nyingi ni mwanamke au mtumishi aliyejifungia humo. Aliyefikwa na hayo na atoke mara moja, milango ifunguliwe, akae penye hewa safi. Akishikwa na pumzi apelekwe hospitali. Na mwenye nyumba aliyezinunua dawa hizo bila ya kuwaeleza watu wake ana sehemu katika madhara hayo, kwani sheria imekataza mtu kujidhuru na kumdhuru mwenzake.

Karibu na hilo ni mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda na kuwekwa chini, penye mikono ya watoto. Mtoto huyanywa akidhani ni kinywaji. Aliyekunywa asitapishwe, kwani yakipanda huingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja. Ajali hii haikutokana na uovu wa mtu. Imetokana na mafuta kukosa mahali pake.

FASILI YA NNE: NAFASI YA NYUMBA

Wazee wa pwani hawakuwa na vyumba vikubwa. Boriti ya mkoko haifiki mbali, kwa hivyo chumba cha nyumba ya mawe upana wake ni kiasi cha mita 2 na nusu hadi 3, ijapokuwa urefu wake ni mkubwa. Lakini kuta zilikuwa nene, nao wakautumia unene huo: wakachimba vidaka ndani ya ukuta wakaweka humo vitabu, taa na sahani. Jikoni walitundika susu, chakula kikakaa juu kisifikiwe na paka wala sisimizi. Na juu ya meko waliweka uchaga. Hawakuongeza nyumba; walitumia ukuta na hewa.

Leo ukuta ni mtupu na sakafu imejaa. Ukumbi wa nyumba ya vyumba sita umejaa baiskeli na madumu; uvunguni mwa kitanda mna viatu vilivyovunjika; chini ya ngazi pana magunia ambayo hapana ajuaye ndani yake mna nini. Mahali pasipofagiwa ndipo panya na mende wanapozaana, na panya ndiye yule wa mtungi wa samli.

Mwenye kutaka kuitengeneza nyumba yake na aanze kwa kutoa kabla ya kununua kabati. Mtume (S.A.W.) alitaja kwamba mtu ana haja ya kitanda chake, na cha mkewe, na cha tatu cha mgeni, na kwamba cha nne ni cha shetani. Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra (1277), ameeleza kwamba makusudio ni kilichozidi haja na kuwekwa kwa fakhari. Basi vitanda vya watoto si katika hicho cha nne. Bali magodoro manne yaliyolazwa moja juu ya jingine, yasiyolaliwa na mtu mwaka mzima, hali jirani alala juu ya jamvi, hayo ndiyo yenye kuogopewa.

Lakini katika kutoa pana mambo matatu ya kuchunga.

La kwanza: mume asitoe mali isiyokuwa yake. Vyombo alivyokuja navyo mke ni mali ya mke, na kuvigawa bila ya radhi yake ni dhuluma, hatta akiviona ni takataka. Kadhalika amana za watu, ijapokuwa wenyewe wamesahau.

La pili: chumba cha marehemu. Katika miji ya pwani ziko nyumba ambazo mna chumba kilichofungwa kwa kufuli tangu mzee alipofariki. Ndani mna masanduku yake, kanzu zake na vitabu vyake, na mchwa wala. Nje, watoto watano walala chumba kimoja. Watu husema wamekiacha kwa heshima ya marehemu. Hali kilichomo humo si mali ya marehemu tena. Baada ya madeni yake na wasia wake, ni mali ya warithi, na pengine miongoni mwao yuko yatima, au dada aliyeolewa mji mwingine ambaye hajapata haki yake. Kuiacha iliwe na mchwa si heshima. Ni kuzuia haki za watu. Heshima ya marehemu ni kuita warithi, kufungua mlango, kuandika kila kilichomo, kulipa deni, na kugawa. Na kurasa za misahafu zilizochakaa zikikutwa humo, zizikwe mahali safi pasipokanyagwa, au zichomwe kwa nia ya kuzihifadhi na kudharauliwa.

La tatu: nafasi isitafutwe katika haki ya wengine. Kauli yenye nguvu katika madhehebu, kama ilivyo katika Minhaji ya Imamu Nawawi, ni kwamba haijuzu kujenga kibaraza katika njia ya watu wote. Roshani itokezayo juu ya njia yajuzu ikiwa imeinuka kiasi mtu apite chini yake na mzigo kichwani, wala isiwatie watu giza. Anayeondoa magunia ya ukumbini akayaweka kichochoroni hakusafisha; amehamisha uchafu wake kuupeleka kwa jirani. Na mwenye nyumba katika Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa mwaka 2000 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, au katika Mji wa Lamu, ulioingizwa mwaka 2001, asibomoe ukuta ili kuongeza nafasi kabla ya kuwauliza wenye mamlaka. Kwani jumba la mawe laegemea jumba lenzake.

Vikisha kutoka visivyotakiwa, kila kilichobaki kipewe mahali pake kwa kadiri ya haja na hatari yake. Kitumiwacho kila siku kiwe karibu na mkono. Kitumiwacho mara moja kwa mwaka kipande darini. Dawa za kusafishia na mafuta ya taa viwekwe juu, ndani ya vyombo vyake vya asili, mbali na chakula, chini ya kufuli. Ndoo na kitambaa cha kuoshea najisi viwe mbali na vya jikoni. Na uvunguni mwa kitanda viwekwe vitu ndani ya masanduku yenye vifuniko, yaweze kuvutwa pakafagiliwa.

Na kazi hizi si aibu kwa mwanamume. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika alitoka kwenda kusali. Basi anayekaa barazani akinywa kahawa, na mkewe mjamzito anainua magunia, hakumfuata Mtume katika jambo hilo.

KHATIMA

Sahaba Itban bin Malik alipodhoofika macho, na mvua ikawa yamzuia kwenda kuwasalisha watu wake, alimwomba Mtume (S.A.W.) aje asali katika nyumba yake, apate kupafanya mahali hapo pa kusalia. Mtume alikwenda, akauliza ni wapi apendapo asali, naye akamwonyesha pembe moja ya nyumba, akasali hapo.

Pembe moja tu. Nayo hupatikana katika kila nyumba, ijapokuwa ni ya chumba kimoja. Pengine iko nyuma ya gunia lisilofunguliwa kwa miaka mitatu. Mwenye nyumba na aliondoe, apafagie, apamwagie maji ikiwa pana najisi, atandike mkeka safi uelekee kibla, na juu yake atengeneze kidaka cha msahafu. Hapo mama mgonjwa atasali, na watoto watajifunza sala kwa kuwaona wazee wao.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Amwafikie kila mwenye kusoma haya ayatende, na azitahirishe nyumba za Waislamu na nyoyo zao. Amin.